Kompyuta Inajua Umesafiri, Haijui Umemfuata Nani

Msomaji wangu, kabla hujafunua ukurasa wa mitindo naomba nikuulize swali moja. Ikitangazwa usiku huu kwenye taarifa ya habari kwamba kuna ugonjwa wa kuambukiza umeingia mjini, mtu wa kwanza utakayempigia simu ni nani? Na kesho asubuhi utafanya nini ambacho leo hukukifanya? Utakwenda kazini? Utapanda daladala? Mchumba wako akisema anakuja, utamwambia njoo au utamwambia subiri kwanza?

Usijibu harakaharaka. Kuna watu wanakaa mbele ya kompyuta miaka minne, wengine mitano, wakitafuta majibu ya maswali hayohayo, na wakimaliza wanaitwa daktari. Si daktari wa sindano, hapana. Ni ule udaktari wa shahada ya uzamivu, ile PhD, na somo lenyewe ni kuifundisha kompyuta ikisie binadamu atafanya nini ugonjwa ukilipuka.

Mimi si mtu wa kompyuta. Naishi Dodoma, mwenzangu anafanya kazi Dar es Salaam, na kama wengi wenu mnaosoma jarida hili, ndoa yetu inaendeshwa kwa simu, nauli na wikiendi. Nilianza kusoma habari za tafiti hizi kwa udadisi tu. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba wanaozungumziwa humo ni sisi: nani anamtembelea nani, nani anamficha nani, nani ndani ya nyumba mwenye sauti ya mwisho. Ndiyo maana nimeona niwaletee hapa.

Maboksi matatu

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1927 Waskoti wawili, William Kermack na Anderson McKendrick, waliandika hesabu ambayo mpaka leo ndiyo mama wa hesabu za magonjwa ya mlipuko. Kermack alikuwa haoni. Alipoteza macho kwenye ajali ya maabara mwaka 1924, na bado akaendelea na kazi.

Hesabu yao inawagawa watu kwenye maboksi matatu. Boksi la kwanza ni wazima wanaoweza kuambukizwa. La pili ni wagonjwa wanaoambukiza. La tatu ni waliokwishatoka, yaani wamepona au wamefariki. Ukijua mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi na anaugua siku ngapi, unaweza kuchora mlima wa ugonjwa: utapanda lini, utafika wapi, utashuka lini. Hesabu za aina hii wenyewe wanaziita modeli.

Ni hesabu nzuri, lakini ina kasoro yake. Ndani ya boksi watu wote wanafanana kama punje za mtama. Hakuna mwoga wala jeuri, hakuna bibi harusi aliyekwishagawa kadi, hakuna mama mkwe anayekuja kesho na basi. Mbaya zaidi, watu wa kwenye boksi hawasikii habari. Ugonjwa ukiua jirani, wao kesho yake wanaendelea kusalimiana kwa mikono kama jana.

Wewe na mimi hatuko hivyo. Tukisikia neno tunabadilika: wengine wanajifungia, wengine wanakimbilia kijijini, wengine wanasema ni uzushi mtupu. Basi watafiti wa siku hizi wanaunda watu wa kubuni ndani ya kompyuta, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na umri wake, nyumba yake, kazi yake na watu anaokutana nao. Halafu hapo ndipo inapoingia akili mnemba, hasa ile sehemu inayoitwa kujifunza kwa mashine. Kompyuta haiambiwi kanuni. Inapewa mifano mingi mpaka inashika mwenendo yenyewe, kama mtoto anavyozoea mlio wa pikipiki ya baba yake bila kufundishwa na mtu.

Kumbe basi kila kitu kinategemea mifano inayopewa. Ukiipa nusu ya habari, itajifunza nusu ya habari. Na kama unataka kuona nusu inayokosekana inafananaje, huna haja ya kwenda mbali. Njoo Dodoma.

Mwaka nyama ilipoogopwa

Dodoma ukiwa na mgeni na Jumamosi ikapita hujampeleka mnadani Msalato kula nyama choma, huyo hujamkaribisha bado. Wapenzi wangapi walianzia pale, moshi machoni na chumvi kwenye sinia! Sasa fikiria mji kama huu unaambiwa mifugo ina ugonjwa unaoua watu.

Ilitokea mwaka 2007. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa za El Niño zilipiga Afrika Mashariki, mbu wakazaliana, na Homa ya Bonde la Ufa ikaamka. Ni ugonjwa wa mifugo ambao kirusi chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1931, kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Kenya ililipuka Desemba 2006. Tanzania ikaonekana kaskazini Januari 2007, halafu ikashuka kuja huku kwetu katikati. Ilipofika Juni 2007 watu 511 walikuwa wameshukiwa kuugua kwenye mikoa 10 kati ya 21 ya Tanzania Bara ya wakati ule, 186 walithibitishwa maabara, na 144 walifariki. Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi.

Cha kushangaza ni kwamba hatari hii ilikwishaonekana toka angani. Wanasayansi wa NASA, akiwemo Assaf Anyamba, walikuwa wanafuatilia joto la bahari, mvua na ukijani wa majani kwa setelaiti, na ramani zao zilionyesha maeneo ya hatari Afrika Mashariki wiki 2 hadi 6 kabla ya ugonjwa kutokea.

Setelaiti iliona mvua na ikaona majani. Kitu ambacho haikuweza kukiona ni mkono ulioshika kisu.

Hapa nisikilize vizuri. Homa hii huambukizwa na mbu, lakini watu wengi huipata kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Anayechinja, anayechuna, anayemzalisha mbuzi aliyetupa mimba, anayekunywa maziwa mabichi, hao ndio wenye hatari. Nyama iliyoiva vizuri haina neno, maziwa yaliyochemshwa hayana neno. Wala hakuna ushahidi kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake.

Sasa angalia tabia za watu. Huku mjini wengi waliacha nyama ya ng'ombe wakakimbilia kuku na samaki. Mtu anauacha mshikaki uliokaushwa motoni, ambao haukuwa na shida yoyote. Kule kijijini baba wa familia anamwona mbuzi wake anatetemeka na anajua yule mbuzi ndiye ada ya shule ya mtoto. Anasema tuchinje kabla hajafa. Hajafanya hivyo kwa ujinga. Amepiga hesabu yake ya nyumbani, na kwenye hesabu hiyo hasara anaiona kwa macho, kirusi hakioni.

Ukiwa na kompyuta inayosoma mauzo ya bucha peke yake, itakuambia watu wa Dodoma wamechukua tahadhari, nyama hainunuliki. Lakini woga uko upande mmoja, hatari iko upande mwingine. Nambari zinakuonyesha kitendo. Sababu ya kitendo hazikuonyeshi.

Kompyuta mvivu

Usidhani mambo haya yanafanywa na Wazungu tu. Mwaka 2019 Mtanzania Judith Leo wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kule Arusha, pamoja na wenzake Edith Luhanga na Kisangiri Michael, walichapisha kazi yao ya kuifundisha kompyuta kubashiri kipindupindu hapa Tanzania kwa kutumia takwimu za ugonjwa na za hali ya hewa. Hiyo ndiyo kazi ya uzamivu yenyewe, na tunajua kwa nini inahitajika: mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoani na kugusa watu zaidi ya 20,000.

Shida moja waliyokutana nayo inachekesha kidogo. Tuseme una kumbukumbu za siku 1,000, na kipindupindu kilitokea siku 10 tu. Kompyuta ikiwa mvivu itajibu hakuna ugonjwa kila siku, na itakuwa imepatia kwa asilimia 99. Alama nzuri kabisa, ila haina faida kwa mtu yeyote, kwa sababu zile siku 10 ndizo ulizokuwa unazitafuta. Kwa hiyo inabidi mtafiti asawazishe mizani, aongeze uzito wa zile siku chache za ugonjwa ili kompyuta izitilie maanani.

Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu. Ni wangapi tunaendesha mahusiano kwa staili hiyo? Siku 990 hakuna tatizo, basi tunajiambia tuko poa. Zile siku 10 za mtihani ndizo zinazoonyesha mko wapi, na ndizo ambazo hamjawahi kuzizungumzia.

Turudi kwenye mada. Hali ya hewa inaweza kukuambia wiki ya hatari inakuja, kwamba mvua itazidi na vyoo vitafurika. Hatua inayofuata ni ngumu zaidi: nani atachemsha maji? Nani atanunua mboga palepale pembeni ya mfereji kwa sababu ni za bei poa na mshahara haujatoka? Kwa swali la namna hiyo watafiti waligeukia kitu ambacho hakitoki mkononi mwako hata ukiwa chooni. Simu.

Ndoa za Ijumaa

Kazi ya mfano ilifanyika Zanzibar. Watafiti wakiongozwa na Andrew Tatem walichukua rekodi za simu za watumiaji wapatao 770,000 kwa miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba 2008, bila majina, na wakachapisha matokeo mwaka 2009. Walitaka kujua malaria inarudije visiwani. Simu ikipigwa karibu na mnara wa Unguja jana na leo ikapigwa Dar, maana yake mwenyewe kavuka bahari. Waliona kwamba safari nyingi zilikuwa fupi na za kwenda Dar es Salaam, ambako hatari ilikuwa ndogo. Wasafiri wachache waliokaa muda mrefu kwenye maeneo yenye malaria nyingi ndio waliobeba hatari kubwa.

Sasa ilete akili hiyo huku kwetu. Tangu serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma moja kwa moja, mji huu umejaa watu ambao nusu ya moyo wao uko Dar. Kazi Mtumba, mke Tabata. Au mume Mbagala, mke Kisasa hapa na watoto wawili. Zamani basi lilikuwa linakula mchana mzima. Toka treni ya SGR ianze safari za Dodoma katikati ya mwaka 2024, unatoka kazini Ijumaa na usiku huohuo unakula chakula cha nyumbani. Mimi naziita ndoa za Ijumaa.

Kompyuta ikipewa rekodi za minara, itaziona ndoa hizi zote kama mto: Ijumaa maji yanateremka pwani, Jumapili yanapanda. Kwa ugonjwa wa kuambukiza, mto kama huo ni habari kubwa. Lakini mto haukuambii nani atasafiri hata akikatazwa na nani atabaki hata akiruhusiwa.

Nitakupa mfano wa kwangu. Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa nchini. Shule zikafungwa. Takwimu zilizotangazwa zilifikia wagonjwa 509 na vifo 21, kisha taarifa zikasimama, zikaja kuanza tena katikati ya 2021. Watu hawakufungiwa ndani, mabasi yalitembea, kwa hiyo kila nyumba ilibaki kuamua yenyewe. Sisi tuliamua kwa simu, vocha mbili zikaisha. Mama yake ana pumu na tunaishi naye hapa Dodoma. Mtoto alikuwa anamlilia baba. Kulikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu, na mchango tumeshaahidi. Na kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekitamka mpaka mwisho wa maongezi: kila mmoja aliogopa mwenzake akisema usije, maana yake ni sikutaki. Tukakubaliana asije wiki tatu, tupigiane video kila usiku, na mchango wa harusi utumwe kwa simu.

Kwenye rekodi ya mnara, hayo yote yanaonekana hivi: simu moja haikusogea Ijumaa. Basi. Huenda mwenye simu anaogopa corona. Huenda hana nauli. Huenda amegombana na mkewe, au amepata mwingine. Vitendo vinafanana, sababu nne tofauti, na wiki ya nne kila mmoja atafanya kitu tofauti. Anayeogopa ugonjwa atabaki. Aliyekosa nauli atasafiri mshahara ukitoka.

Hata Google waliwahi kukwama hapohapo. Mwaka 2008 walianzisha huduma ya kukadiria mafua nchini Marekani kwa kuhesabu watu wanaotafuta habari za mafua kwenye intaneti. Msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yao yakawa kama mara mbili ya yale ya mamlaka ya afya ya nchi ile, na mwaka 2015 huduma ikafungwa. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba anayetafuta habari za ugonjwa si lazima awe mgonjwa. Wengine wameogopa tu baada ya kusikia habari.

Maji ya Kongwa

Kama kompyuta haiwezi kusoma sababu kwenye simu, basi inabidi mtu akaulize. Na jibu analolipata mara nyingi liko kati ya watu wawili.

Wilaya ya Kongwa, mkoa huuhuu wa Dodoma, imesumbuliwa kwa miaka mingi na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu. Si ugonjwa wa kulipuka ghafla, ila unaambukizwa hasa kati ya watoto na mama zao, kupitia tongotongo, mikono, nguo na nzi. Watafiti, akiwemo Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walifanya jaribio kwenye vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya macho. Vitatu vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: kwenye vijiji vya kampeni watoto wengi zaidi walikuwa na uso safi, na trakoma kali ilikuwa pungufu.

Ukiwa Dar unaweza kusema, kunawa uso nako kunahitaji kampeni? Dodoma ni nchi kavu, rafiki yangu. Ndoo ya maji ina safari yake kichwani kwa mtu, na kila kikombe kina mwenyewe: cha kupikia, cha ndama, cha kuoga mzee. Mama anaweza kujua kabisa umuhimu wa kunawisha mtoto, lakini kama nyumba nzima inaamini kwamba ni kupoteza maji, atanawisha kwa kujificha au ataacha. Ndiyo maana kazi ya Kongwa ilizungumza na kijiji kizima badala ya kumtupia mama mzigo peke yake. Watu walikaa, wakabishana, wakakubaliana kwamba uso wa mtoto unastahili maji.

Hiki ndicho kitu kikubwa nilichokipata katika kusoma kwangu. Tunazoea kusema tabia ni ya mtu. Kwenye ugonjwa, tabia nyingi ni ya nyumba. Kompyuta inahesabu vichwa kimoja kimoja, wakati uamuzi umetoka kitandani saa tano usiku, watu wawili wakinong'ona ili watoto wasisikie.

Utabiri unaojivunja

Kuna jambo moja zaidi linalowaumiza vichwa watu wa modeli. Ukimtabiria binadamu naye akasikia, anabadilika, na utabiri unavunjika.

Septemba 2014, Ebola ikiwa imechachamaa Afrika Magharibi, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa makadirio kwamba kama hakuna kitakachobadilika, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 ifikapo Januari 20, 2015. Dunia ikashtuka. Misaada ikaongezeka, vituo vikajengwa, na wananchi wenyewe wakabadili hata namna ya kuzika wapendwa wao, jambo zito kuliko yote. Mpaka mlipuko unaisha mwaka 2016, wagonjwa kwenye nchi zote zilizoguswa walikuwa kama 28,600, na waliokufa zaidi ya 11,300.

Je, wataalamu walikosea? Wao walisema kama hakuna kitakachobadilika. Watu wakabadilika. Ni kama mama anavyokuambia utaanguka ukikimbia hivyo, nawe ukapunguza mwendo. Hukuanguka, lakini maneno yake yalifanya kazi.

Simu yangu itanichomesha?

Najua kuna mtu tangu aone habari ya minara hajatulia. Yaani kuna kompyuta inajua Jumamosi nililala wapi?

Jibu ni kwamba kampuni yako ya simu inajua simu ililala karibu na mnara gani. Watafiti wa kazi kama ile ya Zanzibar hupewa namba zilizofichwa, bila jina, na wanachotazama ni maelfu ya safari kwa pamoja. Hapa nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayosema taarifa zako haziwezi kuchukuliwa na kutumiwa ovyo. Una haki ya kuuliza, na nakushauri uulize.

Ila tukiongea kama watu wazima, anayehofia kuumbuliwa na mnara wakati wa mlipuko ana tatizo kubwa kuliko mnara. Kwenye ugonjwa wa kuambukiza, wahudumu wa afya wakija kuuliza umekutana na nani, jina unaloficha ni mtu anayeachwa bila kupimwa. Modeli itajifunza kutokana na uongo wako, na mtu halisi ataugua kwa sababu hiyohiyo.

Mkae kikao

Wala usiseme hayo ni ya zamani. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa hapa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros, alitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Ulitangazwa kwisha Machi 13 mwaka huohuo. Uwe umeoa, umeolewa au ndiyo kwanza mnaanza kutambulishana, tengeni jioni moja muongee haya, wakati hakuna anayeumwa na hakuna aliyenuna:

1. Nani anasafiri na nani anabaki. Kama mko miji miwili, amueni mapema mtakaa wiki ngapi bila kuonana na mtaongea saa ngapi. Semeni kwa mdomo kwamba usije si sikutaki.

2. Mgonjwa atauguzwa na nani. Mara nyingi ni mwanamke, bila kuulizwa. Muulizane. Anayeuguza naye anahitaji wa kumshika mkono.

3. Wazazi na wakwe. Bibi mwenye pumu, mzee mwenye sukari, wanalindwaje bila kuonekana wametengwa? Mtoto wa kuzaa ndiye akawaambie wazazi wake, usimtume mwenzako.

4. Taarifa mnazipata wapi. Chagueni chanzo kimoja au viwili mnavyoviamini wote. Meseji ya kusambaziwa isiwe amri nyumbani kwenu.

5. Hela ya kukaa. Asiye na akiba atatoka hata akiogopa. Anzeni kidogokidogo, hata ya wiki mbili ya unga, maharage na vocha.

6. Jina ambalo hutaki kulitaja. Kila mtu ana lake: deni, rafiki, safari, kipimo. Mkubaliane kwamba siku ya ugonjwa kwanza ni afya, ugomvi baadaye.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, mwaka uleule wa homa ya mifugo, na leo kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta. Naamini atatoka kijana pale, wa kike au wa kiume, atakayeifundisha mashine kuelewa kwa nini baba anachinja mbuzi anayetetemeka na kwa nini mama ananawisha mtoto kwa kujificha. Akija mlangoni kwako na madodoso yake, mkaribishe kiti, mpe maji, mjibu ukweli. Na mwenzako akikuuliza maswali hayohayo kabla yake, mjibu yeye kwanza.